Olimpiadi ya chesi ni nini, na kwa nini bodi ya nne ina uzito uleule wa bodi ya kwanza

Kila ikitajwa Olimpiadi ya chesi hapa Dodoma hakosi mtu wa kuuliza, kwani chesi imeingia Olimpiki lini? Haijaingia. Olimpiadi ni mashindano yanayojitegemea, ni ya timu za taifa, yanasimamiwa na FIDE ambayo ndo shirikisho la dunia la chesi, na yanafanyika kila baada ya miaka miwili, leo nchi hii kesho nchi ile. Undugu wake na Olimpiki ni wa kihistoria tu, mwaka 1924 wakati Olimpiki iko Paris wacheza chesi nao walikutana mji huohuo wakashindana, na tarehe 20 Julai FIDE ikaundwa palepale. Olimpiadi ya kwanza rasmi ikaja kupigwa London 1927, Hungaria wakabeba kombe. Ya wanawake ilianza baadae sana, 1957, mji wa Emmen huko Uholanzi. Halafu kuna ile ya 1939 Buenos Aires ambayo vita kuu ya pili ililipuka mashindano yakiwa yanaendelea, wachezaji kibao wa Ulaya hawakurudi tena makwao, mmoja wao Miguel Najdorf aliyekwenda na timu ya Poland akabaki hukohuko na miaka iliyofuata akawa anaichezea Argentina.

Sasa tuje kwenye timu yenyewe maana hapa ndo watu wengi wanapotea.

Timu ina wachezaji watano, wanne wanakaa mezani na mmoja ni akiba. Meza zinaitwa bodi, bodi ya kwanza mpaka ya nne, na kwa kawaida mkali wa timu ndo anakaa ya kwanza. Bodi yangu ya kwanza inakutana na bodi yako ya kwanza, ya pili na ya pili, hivyohivyo mpaka ya nne, zote zinaanza muda mmoja. Timu iliyotajwa kwanza kwenye ratiba inachezea nyeupe bodi ya 1 na ya 3, na nyeusi bodi ya 2 na ya 4, kwa hiyo rangi zinagawanyika nusu kwa nusu. Tuelewane kidogo, mimi nikisema gemu namaanisha ule mchezo wa watu wawili, nikisema mechi namaanisha nchi kwa nchi, yani gemu nne zikijumlishwa.

Ukishinda gemu unaiingizia timu pointi 1, droo ni nusu, ukifungwa hamna kitu. Zikifika mbili na nusu mechi ni yenu. Na mechi mkishinda mnapata pointi 2 za mechi, sare 1, kufungwa 0. Ni kama Dodoma Jiji wakishinda 1-0 au 4-0 pale Jamhuri, kwenye msimamo pointi ni zilezile, hayo mengine yanakuja kuangaliwa mkilingana. Zamani haikuwa hivi, walikuwa wanajumlisha pointi za gemu zote, utaratibu huu wa pointi za mechi umeanza 2008 Dresden na mimi naona ulikuwa uamuzi mzuri sana kwa sababu umefanya kila mechi iwe na maana yake, huwezi tena kwenda kumchapa mnyonge nne bila ukaziba nayo pengo la mechi uliyopoteza kwa mkubwa mwenzio.

Raundi ni 11. Budapest 2024 zilikuwepo timu zaidi ya 180 upande wa wazi (yani usio wa wanawake peke yao), haiwezekani wote wakutane, kwa hiyo wanatumia mfumo wa Uswisi: hakuna kutolewa, kila raundi unapangiwa timu yenye pointi zinazokaribiana na zako. Raundi ya kwanza ndo ngumu kwa nchi kama zetu, orodha inakatwa katikati kufuata ubora kwenye makaratasi, nusu ya juu inapewa nusu ya chini, kwa hiyo mtu anaona matokeo ya siku ya kwanza 0-4 anasema tumeaibika. Hatujaaibika. Ndo mpangilio wenyewe ulivyo, na kuanzia raundi ya pili unaanza kukutana na wa saizi yako, hapo ndo mashindano yako yanaanza kweli.

Kitu kimoja nakisisitiza sana kwa watoto ninaowafundisha Jumamosi hapa Ipagala, kwa sababu wote wanataka bodi ya kwanza na ukimwambia mtoto wewe ni bodi ya nne anaona umemshusha. Orodha ya bodi inawasilishwa kabla ya mashindano kuanza na haibadiliki. Ukimpumzisha wa bodi ya pili basi wa tatu anapanda ya pili, wa nne anapanda ya tatu, akiba anakaa ya nne, huruhusiwi kuwachanganya ili umkwepeshe mtu wako. Ina maana yule wa chini lazima awe amejiandaa kukutana na watu wakali kuliko alivyozoea, na ushindi wake unahesabika sawasawa na wa nyota wa timu. Norwei walienda Chennai 2022 na Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wa wakati huo, bodi ya kwanza, wakaanza wakiwa wa 3 kwa ubora, Carlsen mwenyewe akapiga 7.5 kwenye gemu 9, timu ikamaliza ya 59! Uzbekistan walioanza wakiwa wa 14, vijana watupu, ndo waliobeba dhahabu, walilingana na Armenia pointi 19 wakashinda kwa kigezo cha kutenganisha waliolingana. Miaka miwili baadae India wakachukua dhahabu zote mbili Budapest, ya wazi na ya wanawake. Upande wa wazi walipata pointi 21 kati ya 22, Gukesh bodi ya kwanza akapata 9 kwenye gemu 10, lakini angalia na bodi ya tatu, Arjun Erigaisi 10 kwenye gemu 11. Mtu wa bodi ya tatu huyo!

Tena kuna hesabu ambazo mtu anayecheza peke yake hana. Tuseme gemu tatu zimeisha, mnaongoza 2-1, imebaki bodi ya nne na mpinzani anaomba droo. Wewe una kaubora kadogo, ungekuwa mashindano ya mtu mmoja mmoja ungeendelea kukamua. Hapa unapokea mkono, mechi imeisha 2.5-1.5. Ikiwa nyie ndo mko nyuma 1-2, hiyo droo huitaki hata kama nafasi yako ni ya wasiwasi, inabidi ujilipue. Kepteni anaruhusiwa kukuambia omba droo, kubali droo, au kubali kushindwa, basi, neno lolote kuhusu kilichopo ubaoni haruhusiwi.

Niseme pia kwamba upande wa wazi sio wa wanaume, ni wa yeyote. Mwanamama Judit Polgár alikuwemo kwenye timu ya Hungaria iliyochukua fedha upande huo 2002 na tena 2014.

Kwa sisi Afrika Mashariki Olimpiadi ina faida nyingine kubwa, inaweza kukupa cheo cha FIDE, yani daraja rasmi la uchezaji, bila kuzunguka mashindano ya Ulaya ambayo nauli yake tu ni mtihani. Phiona Mutesi wa Uganda, binti aliyekulia mtaa wa Katwe jijini Kampala, alipata cheo chake Istanbul 2012 kwa kufikisha asilimia 50 ya pointi za gemu alizocheza. Tanzania nayo imeshapeleka timu, na sioni sababu ya wachezaji kutafutwa Dar peke yake wakati huku kati, UDOM na mashuleni, vijana wapo na kwenye vijiwe vya drafti vichwa vya kuhesabu viko tele.

Ila tukitaka kufika tubadilishe mazoezi. Vijana wengi wanacheza kwenye simu, gemu za dakika tano. Olimpiadi kila mchezaji anapewa dakika 90 kwa hatua 40 za kwanza, kisha anaongezewa dakika 30, na kila hatua inamuongezea sekunde 30 tangu mwanzo, kwa hiyo gemu moja inaweza kwenda saa nne hadi tano na kesho yake unakaa tena. Wanaofundisha hapa mjini wawape watoto angalau gemu moja ndefu kwa wiki, na karatasi ya kuandika kila hatua, maana na hiyo ni lazima kule.