Chupa Moja Inayosemea Tangi Zima

Tangi la dizeli lenye kipenyo cha mita 30, likiwa na mafuta ya kimo cha mita 12, lina takriban lita milioni nane na nusu. Chupa inayoletwa maabara kwetu ina lita moja. Hiyo lita moja ndiyo itakayoamua kama mafuta yapakiwe kwenye malori yaende Mwanza, Kigoma na Lubumbashi, au yazuiwe. Nimepima mafuta kwa miaka mingi, na nikiulizwa makosa mengi hutokea wapi, jibu langu ni lilelile: juu ya tangi, kabla chupa haijafika mezani kwetu. Mashine zetu tunazihakiki na watu wetu tunawafundisha, lakini mashine hupima kilichomo chupani tu. Sampuli ikichukuliwa ovyo, tutatoa majibu sahihi kabisa kuhusu mafuta ambayo si yale yaliyomo tangini.

Wengi hudhani mafuta ndani ya tangi ni kama maji ndani ya ndoo, kwamba popote utakapochota umechota yaleyale. Sivyo. Tangi hupokea mafuta ya meli moja juu ya mabaki ya meli iliyotangulia, na ni nadra shehena mbili kuwa na densiti moja, yaani uzito sawa kwa ujazo sawa. Mazito hulala chini, mepesi hukaa juu, na yasipokorogwa huweza kubaki hivyo siku nyingi. Jua la Kigamboni au la Mombasa huchoma paa na ubavu wa tangi, mafuta ya juu yakawa na joto kuliko ya chini. Kisha kuna maji: ya kutoka melini, ya mvua iliyopenya kwenye paa, ya unyevu wa usiku. Hayo huteremka polepole hadi sakafuni, pamoja na kutu na mashapo. Katika tangi letu la mita 30, sentimita moja tu ya maji sakafuni ni karibu lita 7,000.

Kwa sababu hiyo hatuchoti mara moja. Kimo cha mafuta tunakigawa mafungu matatu yaliyo sawa, na katikati ya kila fungu tunachukua chupa moja. Mafuta yakiwa na kimo cha mita 12, chupa ya juu huchukuliwa mita 2 chini ya uso wa mafuta, ya kati mita 6, na ya chini mita 10. Miongozo inayofuatwa duniani, ISO 3170 na ASTM D4057, imejengwa juu ya mpango huo. Tunaanza juu na kumalizia chini. Ukianza chini, chombo kinakoroga tabaka za juu kikishuka na kikipanda, na chupa zitakazofuata zitakuwa zimeshaharibika.

Kazi yenyewe ukiitazama kwa karibu ni ya utulivu. Chupa imo ndani ya kikapu cha shaba nyeupe chenye uzito wa kutosha kuzama. Kizibo chake kimefungwa kwenye kamba ileile ya pamba inayoishusha, na kamba ina alama za mita. Unaishusha ikiwa imezibwa hadi alama unayoitaka, unaitikisa kamba mara moja kwa mkato, kizibo kinachomoka. Hewa iliyokuwa chupani inapanda kwa mapovu. Unasubiri. Mapovu yakiisha, chupa imejaa, unaivuta juu bila kusitasita. Chota la kwanza la mafuta yaleyale husuuza chupa, nalo humwagwa kwenye ndoo ya mabaki, si juu ya paa la tangi. Mtu mwenye haraka hung'oa kizibo mita moja kabla ya alama, au huivuta chupa mapovu yangali yanatoka, na hakuna atakayejua isipokuwa yeye.

Ipo pia sampuli ya mwendo: chupa iliyo wazi, au yenye kizibo chenye tundu dogo, inashushwa hadi karibu na sakafu na kupandishwa tena kwa kasi moja, ikijaa njiani. Ni njia nzuri, ila inadai mkono mzoefu. Chupa inapotoka isiwe imejaa zaidi ya asilimia 85. Ikitoka imejaa pomoni, maana yake ilijaa kabla ya kumaliza safari na sehemu ya tangi haikuingia humo kabisa. Mwaga, rudia. Najua inauma kurudia ukiwa juu ya ngazi saa saba mchana, lakini chupa hiyo haifai kitu.

Swali ambalo vijana wa depo huniuliza sana ni kama wazichanganye zile chupa tatu ziwe moja. Ndiyo, huchanganywa kwa viwango sawa pale tangi linaposimama wima na kuta zake zimenyooka. Lakini msichanganye kabla ya kupima densiti ya kila moja. Densiti tatu zikikaribiana, tangi limechanganyika, endeleeni. Zikipishana, tangi limejitenga kwa matabaka, na mkizimimina pamoja mtakuwa mmeufuta ushahidi kwa mikono yenu. Tofauti ya kilo moja kwa mita ya ujazo inaonekana ndogo kwenye haidromita, kipimo cha densiti. Kwenye tangi letu ni takriban tani nane na nusu za mafuta, ama za muuzaji ama za mnunuzi. Mimi ningependa kila depo ilete chupa tatu, kila moja peke yake, sisi tuchanganye wenyewe maabara baada ya kuona. Nafasi ya chupa mbili zaidi ndani ya sanduku si gharama.

Matangi yaliyolala, kama mengi ya yale yaliyofukiwa chini ya vituo vya mafuta, yana hesabu nyingine, kwa kuwa tumbo lake ni pana katikati. Likiwa limejaa, mchanganyiko huwa sehemu tatu za juu, nne za katikati na tatu za chini.

Sampuli ya sakafuni ni kitu cha peke yake. Chombo chake kina pini inayofungua mdomo pale tu inapogusa chini, hivyo huleta maji na uchafu uliolala pale. Inatuambia hali ya sakafu, wala haitakiwi kuingizwa kwenye mchanganyiko wa sampuli nyingine. Nimewahi kuletewa chupa ya dizeli yenye maji vidole viwili, na mwenye mali ameshakata tamaa, kumbe chupa ilichukuliwa sakafuni na lebo haikusema hivyo.

Hapa niseme kuhusu bomba la kupimia. Matangi mengi, hasa yenye paa linaloelea juu ya mafuta na kupanda na kushuka nayo, yana bomba lililosimama kutoka juu hadi karibu na sakafu, na mtu hushusha chombo chake humo. Bomba hilo likiwa na matundu kwa urefu wake wote, mafuta ya ndani na ya nje hupitana na sampuli huwa ya kweli. Likiwa halina matundu, mafuta yaliyomo ndani yake yaliingia kwa chini wakati tangi linajazwa na yamebaki humo, hayajui kinachoendelea upande wa pili wa chuma. Unaweza kuchota humo mita 2, mita 6 na mita 10 kwa uangalifu wote, na chupa zote tatu zikawa na mafuta ya fungu la chini. Mameneja wa depo, someni michoro ya matangi yenu. Kama bomba halina matundu, sampuli ichukuliwe kwenye mlango mwingine wa paa.

Usafi wa chupa ndio ulionifundisha kazi hii. Nikiwa bado kijana kazini, nilitumwa kwenye ghala moja kuchukua sampuli ya dizeli. Chupa zilikuwa zimebeba petroli siku iliyotangulia. Nilizikung'uta, nikaziona kavu, nikazitumia. Maabara mvuke wa ile dizeli ulishika moto katika joto la chini mno kuliko kanuni inavyoruhusu. Tangi likafungwa, malori yakapanga foleni, mwenye mali akashukiwa kwamba amechanganya. Siku ya pili tulichukua upya kwa chupa safi, na dizeli ikafaulu bila tatizo lolote. Matone ya petroli niliyoyaacha chini ya kizibo yalitosha kumfanya mtu asiye na kosa aonekane mwizi. Sijaisahau sura yake.

Salfa nayo haitaki mzaha. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi miligramu 50 kwa kilo mwaka 2015. Mafuta mazito ya tanuri na ya meli yanaweza kuwa na salfa ya asilimia 3.5, yaani miligramu 35,000 kwa kilo. Mililita moja ya mafuta hayo ikibaki kwenye chupa ya lita moja, inaongeza salfa isiyopungua miligramu 35 kwa kilo. Dizeli njema yenye 20 inafeli. Kwa hiyo chupa, kikapu na kamba ya mafuta mazito vitengwe kabisa, visiguse mafuta meupe kama dizeli na petroli hata vikioshwa.

Sasa usalama, na hapa naomba msomaji asiruke mstari. Mafuta yanapokimbia ndani ya bomba na kupita kwenye chujio hujikusanyia umeme tuli. Matone ya maji yanayozama ndani ya mafuta huzidisha. Dizeli, petroli na mafuta ya ndege hupitisha umeme kwa shida, kwa hiyo chaji hiyo haiondoki mara pampu inapozimwa. Ukishusha chombo cha chuma wakati huo, cheche inaweza kuruka kati ya uso wa mafuta na chombo, mahali penye mvuke na hewa. Ndiyo maana kwa matangi makubwa tunasubiri angalau dakika 30 baada ya kujaza. Ndiyo maana kamba ni ya pamba, kamwe si nailoni, na nguo za mchukuaji ni za pamba. Kabla ya kufungua mlango wa paa, gusa chuma cha ngazi kwa kiganja kisicho na glavu ili chaji ya mwili wako iondoke kwanza. Simu iache chini. Mawingu ya radi yakionekana, shuka.

Watu huniambia dizeli na mafuta ya ndege si hatari kama petroli. Kanuni inataka mvuke wa mafuta ya ndege ya Jet A-1 usishike moto chini ya nyuzi 38 za Selsiasi. Bati la paa la tangi Dar es Salaam mchana wa Januari hulipita joto hilo. Na tangi lililokuwa na petroli kisha likatiwa dizeli ni hatari zaidi, kwa sababu dizeli huufyonza mvuke wa petroli, na kilichobaki juu yake kinafikia ule mchanganyiko wa mvuke na hewa unaolipuka kwa urahisi.

Zile dakika 30 wengine wanazielewa vibaya. Ni za umeme tuli tu. Maji hayajazama kwa dakika 30 katika mafuta yenye kina cha mita 12. Kuyaacha yatulie na kuyatoa kwa vali ya chini ni kazi ya saa nyingi, na hiyo haifupishwi kwa kuwa meli inayofuata imetia nanga.

Simama upande upepo unakotoka ili mvuke ukupite. Nendeni wawili. Paa linaloelea likiwa limeshuka chini sana ndani ya tangi ni sawa na shimo: usiteremke juu yake bila hewa kupimwa na kibali kuandikwa. Kwa mafuta ghafi kuna gesi yenye harufu ya mayai viza, na ubaya wake ni kwamba ikizidi huiua pua, ukadhani imeondoka.

Mafuta ghafi yatahitaji uangalifu mpya kwetu. Bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, ni la kupashwa joto, kwa sababu mafuta yake yana nta nyingi na hugandamana yakipoa. Chupa yake ikipoa, nta hujishika kwenye kioo. Ukimimina sehemu tu ya kupima, umeiacha nta chupani. Chupa nzima lazima ipashwe moto taratibu na kutikiswa kabla ya kumimina hata tone.

Chupa isijazwe hadi shingoni, iachiwe nafasi ya mafuta kutanuka kwa joto la barabarani. Kisha lebo iandikwe palepale juu, si ofisini: namba ya tangi, aina ya mafuta, tarehe na saa, kimo cha mafuta, kina cha chupa, joto, jina na sahihi ya aliyechukua, namba ya lakiri. Tunapendelea chupa tatu za kila sampuli, moja ya muuzaji, moja ya mnunuzi, na moja inayofungiwa kabatini penye giza na ubaridi.

Hiyo ya kabatini hufunguliwa pande mbili zinapokataa majibu, mbele ya wote. Tunasoma kwanza namba ya lakiri, kisha lebo. Nimekaa kwenye vikao viwili vilivyoishia hapohapo kwenye lebo, kizibo hakijaguswa, kwa kuwa iliandikwa namba ya tangi na neno dizeli, basi.