Kijiwe si genge: dhana potofu katika kufundisha tamaduni ndogo za vijana

Dhana: "Utamaduni mdogo" ni jina la kisomi la uhuni.
Ukweli: Ni kundi lenye misemo, mavazi na kanuni zake ndani ya jamii ile ile kubwa. Chukua kijiwe cha bodaboda pale Mwanga, Kigoma. Penye zamu ya kupakia, anayeiruka hukemewa na wenzake papo hapo. Hiyo ni kanuni, na ina adhabu yake. Mwanafunzi akiiona kwa macho yake, nusu ya somo imeshaingia.

Dhana: Magazeti huripoti tu yaliyotokea.
Ukweli: Pasaka ya 1964, vijana walizozana Clacton, mji wa pwani ya Uingereza, na magazeti yakatia chumvi. Mwanasosholojia Stanley Cohen alionyesha mwaka 1972 kwamba uhasama wa Mods na Rockers, makundi mawili ya vijana hao, ulikolea zaidi baada ya kuandikwa hivyo. Mwenzake wa Marekani, Howard Becker, alishasema mwaka 1963 kuwa ukiukaji wa kanuni hautokani na tendo peke yake, bali pia na jina ambalo jamii humbandika mtendaji. Ndiyo maana mwalimu anayesema "wale wahuni wa kijiweni" mbele ya darasa ameliharibu somo kabla halijaanza.

Dhana: Wasichana hawana tamaduni ndogo.
Ukweli: Watafiti Angela McRobbie na Jenny Garber walieleza mwaka 1976 kuwa watafiti wenzao walitazama barabarani tu, ilhali wasichana walikutana zaidi majumbani. Kwa hiyo ukifundisha Ujiji, huko huko Kigoma, anzia wanaposukana nywele.

Dhana: Dodoso linatosha.
Ukweli: Dodoso huleta majibu ya adabu. Watume wanafunzi kijiweni wawili wawili, dakika 40, mara mbili: siku ya kazi na Jumamosi. Ukurasa ugawanywe: kushoto waliyoyaona na kuyasikia, kulia wanayodhani yana maana gani. Kosa linalojirudia ni kuandika "wakorofi" upande wa kushoto. Uliza: ulionaje ukorofi? Alipandisha sauti? Alimsukuma nani? Kwa kawaida neno lenyewe huhamia kulia, na kushoto hubaki "alicheka kwa nguvu, akampiga mwenzake begani."

Waombe ruhusa kwanza, wasipige picha, wasiandike majina. Na wasiende na sare: shati jeupe la shule likionekana tu, mazungumzo hubadilika, na watarudi na daftari lililojaa "shikamoo" na "someni kwa bidii".