Kinachomsumbua mgeni, kaulize kwa mwenyeji

Mteja wangu mmoja hapa Mwanza anauza dagaa kwa jumla, na ghala lake haliko mbali na Mwaloni, Kirumba. Kwa wiki tatu nilipokea simu ileile kutoka kwa mhasibu wake, kila siku ya kazi, saa nne na dakika chache asubuhi: "Kaka, mfumo umeganda tena. Magari yamejipanga nje na ankara hazitoki." Ikifika saa tano na nusu mfumo unarudi wenyewe, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kabla yangu walishauriwa kuongeza RAM. Wakanunua, ikafungwa, na kesho yake saa nne mfumo ukaganda vilevile.

Seva yao ni moja, prosesa yake ina viini (core) 4, inaendesha Linux na KVM, sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe. Ndani yake zimo mashine pepe nne, yaani kompyuta za programu tu zinazogawana seva hiyo; seva tunaiita mwenyeji, na kila mashine pepe ni mgeni: hesabu, bakapu (nakala za akiba), mahudhurio na mafaili. Mbili za kwanza zimepewa prosesa pepe 4 kila moja, mbili za mwisho 2 kila moja. Jumla ni 12 juu ya viini 4. Kugawa hivi si kosa, kwa sababu mashine nyingi hushinda zimelala, na KVM humpa kiini yule aliyeamka. Tatizo huanza pale wawili wanapoamka pamoja na kila mmoja anataka chote.

Siku niliyoamua kulimaliza jambo hili nilikuwa kwenye meli nikirudi kutoka Nansio. Katikati ya ziwa mtandao ni wa kuvizia. Kurasa zenye grafu hazifunguki kabisa. Lakini SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali kwa kuandika amri, hupitisha maandishi matupu, na maandishi hupenya hata kwenye mtandao dhaifu. Ndiyo maana namsihi kila kijana anayeanza kazi hii ajifunze amri kwanza, grafu baadaye.

Nilianza ndani ya mashine ya hesabu kwa `vmstat 1`, amri inayoonyesha kila sekunde asilimia za muda wa prosesa. Mstari wa kwanza wa amri hiyo uupuuze, kwa sababu ni wastani tangu mashine iwashwe. Soma kuanzia wa pili. Nilikuta hivi: us (programu) 42, sy (Linux yenyewe) 6, id (imekaa bure) 12, wa (inasubiri diski) 2, st 38. Mtu akijumlisha us na sy anapata 48, anasema prosesa haijatumika hata nusu, kwa hiyo shida itakuwa RAM. Namba ya kusoma hapo ni ile ya mwisho. st ni muda ulioibwa: mashine pepe ilikuwa na kazi mkononi, tayari kuifanya, lakini kiini halisi kilikuwa kinamhudumia mwingine. Asilimia 38 ya muda mhasibu alikuwa anasubiri foleni asiyoiona. Kwangu mimi, st ikipita 10 kwa dakika kadhaa mfululizo, siendelei kutafuta ndani ya mgeni. Naenda kwa mwenyeji.

Mgeni hawezi kukuambia nani anamwibia. Hajui hata kama kuna wageni wenzake. Kwa mwenyeji, kila mashine pepe ni mchakato wa kawaida, kwa kawaida unaitwa qemu-system-x86_64 au qemu-kvm. Ukifungua `top` na kubonyeza c, utaona jina la mashine kwenye mstari wake. Ukiwa na `virt-top` ni rahisi zaidi. Ila mimi hupenda kuhesabu mwenyewe kwa virsh, amri ya mwenyeji ya kusimamia mashine pepe, kwa sababu hesabu haina utata:

`virsh domstats --cpu-total`

Kila mashine inatoa namba ndefu iitwayo cpu.time. Hizo ni nanosekunde za prosesa ambazo mashine imetumia tangu iwashwe, na peke yake haisemi kitu. Isome, subiri sekunde 10, isome tena, kisha toa. Kwa mashine ya bakapu tofauti ilikuwa karibu 19,000,000,000. Gawa kwa bilioni moja, unapata sekunde 19 za prosesa. Gawa kwa sekunde 10 ulizosubiri, unapata 1.9. Yaani bakapu ilikuwa inakula karibu viini viwili kamili. Mashine ya hesabu nayo ilitoa 1.9. Nyingine mbili hazikufika 0.1 kwa pamoja. Karibu viini 3.9 kati ya 4 vimekwisha, na wakubwa wawili wamegawana nusu kwa nusu.

Bakapu inafanya nini saa nne asubuhi? Niliingia ndani yake nikaandika `crontab -l`, orodha ya kazi ambazo cron huziendesha yenyewe kwa saa zilizopangwa. Mstari ulikuwa huu: `0 10 * * 1-6`, yaani dakika 0, saa 10, Jumatatu hadi Jumamosi. Nilipowauliza, wakaniambia maagizo yalikuwa "nakala zichukuliwe saa nne usiku". Aliyeandika aligeuza saa nne kuwa 10, na hapo hakukosea, ila cron huhesabu kuanzia usiku wa manane hadi 23. Saa nne usiku kwake ni 22. Simlaumu mtu; saa zetu na saa za kompyuta zinapishana kila siku. Tangu hapo karatasi yoyote ya kazi ninayoandika ina saa kwa mtindo wa 22:00, hata kama mdomoni tunasema saa nne.

Nikabadilisha 10 kuwa 22. Pia nikashusha uzito wa bakapu: `virsh schedinfo bakapu --live --config cpu_shares=25`. Huo uzito haubani kitu viini vikiwa huru. Unafanya kazi pale wawili wanapogombania tu, na hapo anayetoa ankara ndiye apite mbele.

Sasa niseme kuhusu RAM, maana pesa ya watu ilipotelea hapo. Ndani ya mgeni, `free -h` ilionyesha safu ya free ikiwa ndogo sana, na mtu akaogopa. Linux hutumia kumbukumbu iliyo wazi kuhifadhi yaliyosomwa kwenye diski, na huiachia programu inapoihitaji. Safu ya kusoma ni available. Kwa mwenyeji, `virsh dommemstat hesabu` inatoa namba kwa KiB, na hapo pana mtego mwingine: rss. Hiyo ni kumbukumbu ambayo mgeni amewahi kuigusa na mwenyeji akampa. Mgeni akimaliza kazi hairudishi mwenyewe, kwa hiyo rss hupanda na kubaki juu hata mashine ikiwa imelala. Ukitaka kujua hali ya kweli, soma usable, ila lazima mgeni awe na kiendeshi cha balloon, kinachomripotia mwenyeji hali ya kumbukumbu, na umwambie atoe taarifa kila baada ya muda: `virsh dommemstat hesabu --period 10 --live`. Bila hivyo unaweza kusoma namba iliyopitwa na wakati ukadhani ni ya sasa.

Diski kwa seva hii haikuwa na neno. Ile wa ilikuwa 2. Kama ingekuwa 30, ningefungua `iostat -x 1` kwa mwenyeji na `virsh domblkstat` kwa kila mgeni, nitafute nani anaandika sana.

Kabla meli haijafunga gati niliacha kitu kinachozunguka kwenye seva, ndani ya `tmux` ili mtandao ukikatika kisife:

`while true; do date; virsh domstats --cpu-total --balloon; sleep 60; done >> /root/wageni.txt`

Jumatatu iliyofuata simu haikuita. Saa tano nikafungua faili lile nikapiga hesabu ileile ya cpu.time kwa dakika za saa nne na robo. Bakapu: 0.0. Hesabu: 3.4. Hicho ndicho kiasi ilichokuwa ikikitaka wiki zote tatu. Nikaingia ndani yake, nikaandika `vmstat 1`, na kwenye safu ya st, mstari baada ya mstari, ilikuwa 0, 0, 1, 0.