Grebeg ya Yogyakarta si tambiko la mizimu

Mtu akiona picha za Grebeg, sherehe ya kasri la Yogyakarta nchini Indonesia, askari wa kasri wakiwa na mikuki na vyakula vimepangwa mithili ya mlima, huwa mwepesi wa kusema: hao wanatambikia mizimu. Sivyo hata kidogo.

Tazama kwanza siku zenyewe. Kasri la Sultani wa Yogyakarta, kisiwani Java, hufanya Grebeg mara tatu kwa mwaka: Idi ya Mfungo Mosi, Idi ya Mfungo Tatu, na Maulidi ya Mtume, mwezi wa Mfungo Sita. Tangu 1633, Sultani Agungu wa Mataram, ufalme wa zamani wa Java, alipoifungamanisha kalenda ya Kijava na mwandamo wa mwezi, miezi ya Wajava huenda sambamba na ya Kiislamu.

Kisha fuata msafara unakokwenda. Milima hiyo ya vyakula, iitwayo gunungan, hupelekwa Masjid Gedhe, msikiti mkuu ulioko mtaa wa Kauman. Mmojawapo, uitwao wa “kiume”, huvikwa kunde mbichi ndefu na pilipili nyekundu toka juu hadi chini. Imamu huomba dua kwa Mwenyezi Mungu, ndipo watu hupata vyakula hivyo. Ni sadaka ya Sultani kwa raia wake.

Kweli, wapo wakulima wanaofukia kipande shambani wakitaraji baraka, na desturi ya mfalme kugawia watu ina mizizi mirefu kuliko Uislamu wa Java. Lakini kuiita ibada ya mizimu ni kuwadhulumu Waislamu wanaosimama pale wakiitikia “amina”.