Kutokosea kwa Maandiko: "Usiue" na agizo la kuwaua Waamaleki

Kutokosea kwa Maandiko ni fundisho kwamba Biblia haina kosa. Lakini haina kosa katika lipi? Tamko la Chicago la 1978, linalokubaliwa na Waprotestanti wengi wa kiinjili, linajibu: katika kila inalolisema, historia ikiwemo, ila dai hilo linahusu maandishi ya kwanza kabisa, ambayo hayapo tena. Kanisa Katoliki, katika hati Dei Verbum ya 1965, linazungumzia ukweli ambao Mungu alitaka uandikwe kwa ajili ya wokovu wetu.

Mgongano unaotajwa sana ni huu: Kutoka 20:13 yasema "Usiue", kisha katika 1 Samweli 15:3 mfalme Sauli anaagizwa awaue Waamaleki, taifa adui wa Israeli, hata watoto wanyonyao. Kiswahili chetu kinauzidisha ukali, maana kina "kuua" pote pawili. Kiebrania kina vitenzi viwili. Amri inatumia ratsakh. Agizo la Sauli linatumia hemit, ambacho kimeundwa kutokana na "kufa" kama "kufisha" yetu. Ratsakh hakitumiki kwa kuua vitani. Basi wahubiri husema amri inakataza kuua kwa kukusudia tu. Hapo wanateleza: Hesabu 35, sura ya miji 6 ya makimbilio, inakitumia kwa aliyeua bila kukusudia, na mstari wa 30 unakitumia hata kwa kumwua mwuaji aliyethibitishwa na mashahidi.

Mgongano mzito hautajwi sana. Kumbukumbu la Torati 24:16 inakataza watoto kuuawa kwa kosa la baba zao. Lakini sababu inayotolewa katika 1 Samweli 15:2 ni walichofanya Waamaleki wakati Israeli wanatoka Misri, vizazi vingi nyuma. Hapa kamusi ya Kiebrania haisaidii kitu.

Wengine hujibu kwamba hiyo ni lugha ya majigambo ya vita. Wana hoja. 1 Samweli 15:8 yasema Waamaleki waliangamizwa wote isipokuwa mfalme wao, ila katika 27:8 Daudi anawavamia tena. Mfalme Mesha wa Moabu naye, kwenye jiwe lake la karne ya 9 kabla ya Kristo, alijisifu kwamba Israeli imepotea milele. Sawa, idadi ya waliokufa inapungua. Agizo lenyewe linabaki palepale.

Marcion, mwalimu wa Kikristo wa karne ya 2, alilitupa Agano la Kale lote, na kanisa likamkataa. Origen, mwanazuoni Mkristo wa karne iliyofuata, alizisoma vita za Yoshua kama vita dhidi ya dhambi moyoni. Wapo wanaosema mwenye kutoa uhai ana haki ya kuutwaa. Jibu hilo halijipingi, ila linageuza kilicho haki kuwa suala la nani ameagiza. Wanaofuata mkondo wa Dei Verbum wana nafasi ya kusema mwandishi alimvisha Mungu fikra za vita za zama zake. Anayeshika Tamko la Chicago hana nafasi hiyo: kifungu cha 12 kinakataa waziwazi kwamba kutokosea kuna mpaka kwenye mambo ya kiroho na ya wokovu.