Pinocchio wa mbao hakutoka kwenye kompyuta

Kwenye mabanda ya video ya Mwanjelwa, Mbeya, filamu ya Pinocchio, yule mtoto wa mbao, ya waongozaji Guillermo del Toro na Mark Gustafson (2022) huitwa katuni, na mtu akiuliza imetengenezwaje, jibu liko tayari: "Kompyuta hiyo." Sivyo.

Wale ni vikaragosi vya kushikika, vyenye mifupa ya chuma ndani. Fundi anasogeza kidogo sana kidole cha Geppetto, mzee seremala aliyemchonga Pinocchio, anatoa mkono, kamera inapiga picha moja. Anasogeza tena. Sekunde moja ya filamu ina picha 24, kwa hiyo dakika moja ni picha 1,440. Pinocchio mwenyewe ana uso mgumu, basi ili aongee hubadilishiwa sura moja baada ya nyingine. Geppetto ana ngozi laini, na chini yake kuna mitambo midogo ya kuvuta shavu na nyusi. Hapo ndipo mimi huvua kofia.

Kompyuta ilikuwepo, ndiyo: kufuta vishikizo vinavyoonekana, kuongeza mandhari. Lakini waliofanya vikaragosi viigize walikuwa mafundi, na kazi hiyo ilifanyika Portland, Marekani, na Guadalajara, Mexico.

Halafu kuna wanaodhani hadithi yenyewe ni ya Disney. Disney aliitoa 1940; Mwitaliano Carlo Collodi alianza kuichapisha gazetini 1881, na katika hadithi yake yule nyenje anayemshauri Pinocchio anauawa kwa nyundo mapema kabisa.