Sio kila Landrova ya Dodoma ilitoka kwenye karanga za Kongwa

Wakuu, naandika hii kwa sababu nimechoka. Mtu anavuta mkweche wa Landrova kutoka Mpwapwa au Kibaigwa, umekaa chini ya mti mpaka kuku wanatagia kwenye siti, akishuka tu sentensi ya kwanza ni "fundi, hii ni ile ya Wazungu wa karanga". Kila mtu. Hata mwenye Series III (toleo la tatu la Landrova) yenye shoo ya mbele ya plastiki anakwambia karanga.

Haya, twende na miaka. Mpango wa karanga, ule wa Waingereza kulima mashamba makubwa ya karanga Kongwa, umeanza 1947, na Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza umekufa. Landrova yenyewe imeonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Kwa hiyo iliyofanya kazi Kongwa kipindi kile lazima iwe Series I (toleo la kwanza) fupi, ile ya inchi 80 kati ya tairi za mbele na za nyuma, bodi imenyooka tu kama sanduku, injini ya lita 1.6, na zile za mwanzo kabisa taa zimejificha nyuma ya wavu wa mbele. Bodi yenye tumbo ubavuni imekuja na Series II mwaka 1958. Na kama taa ziko kwenye fenda ndo usiseme kabisa, hizo zimehamia huko mwishoni mwa miaka ya 60, nchi ina uhuru wake na Azimio la Arusha limeshasomwa, karanga gani tena jamani? Halafu vile vichaka vya Kongwa vilivyosafishwa ili karanga zilimwe havikung'olewa na Landrova, yalikuwa matrekta na mabuldoza ya mabaki ya vita, mpaka vifaru vya Sherman vikageuzwa trekta.

Ubaya wake ni kwamba mteja akishashika hiyo stori anataka gari ifanane na stori. Anakuja na picha ya kwenye simu, "nipigie rangi kama hii", na kabla hujamjibu kijana wake kashaanza kupiga msasa kila kona. Hapo ndo historia ya kweli inapoishia, kwenye vumbi la msasa. Gari ya 1969 iliyobeba wapima miamba au wauguzi wa misheni ni gari ya heshima tosha, haihitaji kukopa ukoo wa watu.

Mnataka kujua gari ilitoka wapi? Usianze na bodi, anza na chesisi. Series II na III nenda mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikwa, sugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa taratibu (grainda hapana, nasema HAPANA), futa pakauke, kisha pakaza chaki. Namba zinajitokeza nyeupe. Linganisha na kibati cha namba cha ndani kwenye ule ukuta wa chuma mbele ya miguu ya dereva, maana kibati kinang'oka na watu wanahamishiana. Kwa nyingi kati yake, tarakimu tatu za mwanzo zinakwambia urefu, aina ya injini, usukani upande gani, na kama ilitoka Uingereza nzima au vipandevipande ikaunganishwa huku. Ukishakuwa na namba hiyo unaiandikia British Motor Museum kule Gaydon, unalipia, wanakutolea cheti chenye tarehe ya kutengenezwa na nchi iliyopelekwa. Ukimaliza fungua boksi la chini ya siti ukwangue kidogo kwa wembe, sehemu kama ukucha tu. Rangi za zamani zinajionyesha, mfano juu unakuta nyeupe ya mtaani, chini yake kijani, chini kabisa kijivu. Piga picha kabla ya kitu kingine chochote.

Kadi ya gari? Injini hizi zimebadilishwa kama soksi, na mwaka wa kwenye kadi mara nyingi ni wa usajili tu. Isikupe uhakika.

Utasikia pia, "Landrova haishiki kutu, ni aluminiamu." Bodi ndiyo, kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao Uingereza. Chesisi na ule ukuta wa mbele ni chuma, na chesisi ni boksi, tope la masika linaingia ndani linakaa humo linakula kimyakimya hata hapa kwetu pakavu. Pia aluminiamu ikigusana na chuma penye unyevu inageuka unga mweupe. Gonga chesisi nzima kwa nyundo ndogo kabla hujalipa, pakilia "dup" panataka kuchomelewa, na rangi inasubiri mpaka hiyo kazi iishe.

Au, "Weka injini ya Toyota uiokoe." Weka, gari ni yako, ila usiniambie umeirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Ile injini ya petroli ya lita 2.25 ya Series II na III spea zake bado zinapatikana, na fundi mwenye akili anaiamsha kwa kusafisha kabureta, pointi na tanki.

Mwisho, vijana wa umeme. Kabla hamjasema "betri imefungwa kinyume", nyingi za kabla ya kama 1967 arthi yake ni CHANYA, chanya ndo inaenda kwenye bodi. Angalia kama bado ina dainamo au mtu ameshaweka alteneta (huenda na arthi kaigeuza), ndo ushike spana.